Ukoo wa baba umeniita, nami sina hata salamu yao

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, nauza vitenge sokoni Arua. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, Muganda wa upande wa Masaka. Mama ni Mnubi wa hapahapa Arua. Walikutana Jinja, na mimi nilizaliwa kambini huko. Kambini sote tulikuwa watoto wa Kiswahili, awe Mwacholi, Mteso au Mlugbara. Hata baba na mama hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana.

Nilipokuwa na miaka sita baba alifariki. Ndugu zake walikuja kuchukua mwili wakaenda kuzika kwao. Mama alikuwa amelazwa hospitali siku hizo, hawakumngoja. Alipotoka alikuta chumba kitupu na mimi niko kwa jirani. Tukarudi Arua, na kuanzia hapo hatukusikia neno lolote kutoka Masaka kwa miaka thelathini.

Mwezi wa Aprili mwaka huu nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Kijana akanisalimia kwa Kiingereza, akaniuliza kama baba yangu ni fulani. Nikasema ndiyo. Akanyamaza, kisha nikasikia analia. Ni mtoto wa baba mkubwa, kumbe alikuwa akinitafuta muda mrefu. Akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wako watu themanini na kitu humo na wote wanaandika Kiganda. Nasoma kwa kuotea.

Sasa tarehe 27 Desemba kuna olumbe, shughuli ya kumaliza msiba, ya babu aliyefariki miaka miwili iliyopita. Watamsimika mrithi, na ukoo wote unatakiwa uwepo. Kila mtu mzima anachanga shilingi 150,000. Shangazi yangu, dada yake baba, alinitumia ujumbe wa sauti mrefu. Nilimpelekea jirani yangu Muganda anitafsirie. Alisema: "Mtoto wa kaka yangu, njoo nikuone macho kabla yangu hayajafumba." Nililia palepale dukani kwake.

Lakini si wote wenye moyo huo. Mzee mmoja kwenye kundi ameandika kwamba anatumaini wanaokuja wanakuja kwa msiba, si kwa kibanja, yaani shamba la ukoo. Mwingine ametaja DNA. Na kuna ujumbe ambao jirani yangu hakutaka kunitafsiria, mpaka nilipomshikilia: mtu anauliza mbona huyu mwanamke anaongea lugha ya wezi. Shangazi, Kiswahili ndicho nilichonyonya.

Mambo mengine ni madogo ila yananikosesha usingizi. Mimi ni Mwislamu na wao ni Wakatoliki, nitakula nini? Nasikia lazima nipige magoti kwa kila mtu. Na wameniambia sisi ni ukoo wa Mamba. Mamba! Mimi nikisafiri, pale Pakwach tukivuka Nile, huwa sitazami majini kwa kumwogopa huyo mnyama.

Mume wangu anasema wanautaka mchango wangu tu. Mama nilipomwambia alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nenda ukawaone," akaendelea kuchambua. Hajalizungumzia tena mpaka leo.

Niende? Na nikienda, niende vipi? Niwachukue watoto?

Binti wa Askari, Arua

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huyo mamba, ulale vizuri. Mamba wa Kiganda si mamba wetu. Ni samaki, yule mrefu wa matopeni anayevuta pumzi kama mtu, ambaye wengine humwita kambaremamba na wengine kamongo. Mamba wetu wa meno wao humwita ggoonya. Kwa hiyo hujazaliwa na kitu cha kutisha. Ila samaki huyo ndiye mwiko wa ukoo wenu, muziro, na watu wa ukoo hawamli. Kama uliwahi kumla bila kujua, hakuna atakayekupeleka mahakamani. Lakini nakuomba usibebe zawadi ya samaki wa kukaushwa kutoka Arua, maana ukikosea aina utakuwa hadithi ya ukoo kwa miaka ishirini. Beba asali. Asali ya West Nile inajulikana nchi nzima, na haina ukoo inayoukera. Na wewe muuza vitenge usiniambie hujui cha kumpelekea shangazi yako.

Swali lako kubwa: ndiyo, nenda. Ila usiende tarehe 27.

Siku ya olumbe si siku ya kujuana na mtu. Kuna mahema, kuna spika, kuna watu mia mbili na wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki, unaonyeshwa kwa kidole. Okwabya olumbe maana yake ni kuupasua msiba utoke nyumbani, na siku hiyo macho yote yako kwa mrithi aliyefungwa lubugo, lile gome la mti wa mutuba, amesimama na mkuki wake anausiwa na wazee. Hakuna atakayepata nafasi ya kukaa na wewe. Ukifika asubuhi na kuondoka jioni utarudi Arua na picha nyingi za simu na hujui jina la mtu.

Kwa hiyo panda basi la usiku tarehe 22, mwisho 23. Baada ya hapo nauli inapanda na kiti utakipata karibu na mlango. Asubuhi uko Kampala, unachukua takisi ya Masaka, safari ya kilomita kama 130. Utapita Kayabwe penye mstari wa ikweta, utapita Lukaya wanapokimbilia madirisha na kuku wa kuchoma na gonja, ndizi za kuchoma, na kabla ya jioni uko kwa shangazi yako. Kwake, nasema, si kwa mzee wa kibanja. Mpigie mapema umwombe ufikie nyumbani kwake. Kwa Waganda dada wa baba, ssenga, ndiye mwenye mtoto wa kike. Ndiye anayemfundisha, ndiye anayemsimamia. Huyu alishakuita kwa sauti yake mwenyewe, na ukikaa upande wake, watakaotaka kukusema itabidi wampitie yeye kwanza.

Na sasa siri yenyewe: ndugu utawapata kwenye kumenya matoke. Tarehe 26 jioni wanawake watakaa chini na visu, mbele yao mlima wa ndizi, na hapo ndipo ukoo unaposemwa wote. Nani alimkimbia nani, nani alirudi na mimba, baba yako alianguka mti gani utotoni. Kaa hapo. Ninyi wa Arua mmezoea enyasa ya muhogo, hujui kumenya ndizi, sema tu hujui. Watakucheka, watakupaka mafuta mikononi utomvu usikushike, na watakufundisha. Mtu aliyekufundisha kushika kisu hawezi tena kesho yake kukuita mgeni.

Hapo Kiswahili kitatokea tu, hukifichi. Nikwambie kitu, maana wewe ni mdogo na pengine hukuelezwa. Wanawake wa Buganda wa umri wangu wengi walijifunza Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani. Maneno waliyoyajua yalikuwa "lala chini", "fungua" na "kitambulisho iko wapi". Rais Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, Buganda ilikuwa imetaka Kiganda. Kisha yakaja ya vita vya miaka ya themanini, ambayo huko kwenu Masaka na Luweero hayahitaji kusimuliwa. Wezi wenye bunduki nao waliamrisha kwa lugha hiyohiyo. Ndiyo maana bibi mmoja akikusikia unasema "habari za leo" anaweza kushtuka mgongo kabla hajakuangalia uso. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini mgongo wa bibi hausomi katiba. Aliyeandika "lugha ya wezi" alikosa adabu, sikubishii. Ila huenda ni mtu aliyelazwa chini akiwa na miaka tisa.

Ufanye nini? Salimia kwa Kiganda, hata kama ndiyo yote unayoyajua. Asubuhi "wasuze otya nno", jioni "osiibye otya nno", ukimalizia na "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke. Atakujibu, atauliza tena, mtaitikiana "mm", "ee", "mm". Usikatishe, salamu yao ni ndefu na urefu wenyewe ndiyo heshima. Kisha sema "nze muwala wa", utaje jina la baba yako. Mimi ni binti wa fulani. Baada ya hapo ongea Kiswahili chako bila kuomba msamaha, na akitokea wa kukuuliza, mwambie ndicho baba alichokuwa akinisemesha. Usiseme zaidi.

Maana hili ndilo sijui kama umeliona. Unaandika kama mtu anayekwenda mikono mitupu kupimwa. Lakini fikiria wao wana nini cha baba yako: wana utoto wake na wana kaburi. Kati ya hapo ni giza. Alivyokuwa akiamka, alivyokuwa akicheka, alivyokubeba mabegani kambini Jinja, alichokuwa anaimba akinyoa ndevu, hayo unayo wewe peke yako na mama yako. Kaka yako yule hakulia kwenye simu kwa sababu ya shilingi 150,000. Nenda na hayo, uyatoe kidogokidogo kwenye matoke, na wao watakupa ya kwao. Na kama unayo picha yake, hata moja ya sare, hiyo ibebe mkononi, usiiweke kwenye begi la juu ya gari.

Chakula sasa. Kwanza masikio: kwa Kiganda mbuzi ni mbuzi, lakini mbizzi ni nguruwe. Nimemwona Mwislamu mzima wa Mombasa akiitikia kwa furaha alipoulizwa kama atakula mbizzi. Sikiliza hiyo "zi" mara mbili. Vinginevyo usihangaike. Kwenye shughuli nyingi za Uganda huitwa Mwislamu achinje ili kila mtu ale, hata kwa Wakatoliki. Mwambie shangazi mapema, atakuhakikishia. Na ukoo wa Kiganda hauna dini moja. Uislamu ulifika kwa Kabaka Ssuuna mwaka 1844, wamisionari walikuja mwaka 1877, kwa hiyo usishangae ukikuta kanzu na kofia ya baba mdogo mmoja anayeswali msikiti wa Kibuli, Kampala. Pombe itakuwepo, ni sehemu ya mila yenyewe. Hakuna atakayekushika mdomo.

Magoti: piga. Mimi si shehe, na shehe wako ana haki ya kunikosoa, lakini Waganda Waislamu wanapiga magoti kusalimia wazee na sijasikia swala zao zimeharibika. Ni adabu ya mtoto kwa mkubwa. Si kwa kila mtu, usidanganywe. Mtoto wa baba mkubwa mnayelingana naye ukimpigia magoti watu watacheka wote wawili mkiwemo. Mtazame shangazi yako. Na gomesi, lile gauni la Kiganda, utaazimwa, usinunue, utaishona mwakani ukishajua unaipenda.

Wazee watakuuliza nasaba. Muombe kaka yako akuandikie sasa hivi kwenye karatasi: baba, babu, kisha ngazi za ukoo, lunyiriri, mutuba (hapa si mti), ssiga, mpaka kwa mwenye kasolya, mkuu wa ukoo. Mkuu wa Mamba ni Gabunga, ambaye zamani mitumbwi ya Kabaka ilikuwa mikononi mwake, ila liko pia tawi la Kakoboza, kwa hiyo uliza ninyi ni wa wapi. Usikariri yote kama mtihani. Jua mpaka babu wa babu, mengine soma kwenye karatasi, wala si aibu. Huenda wakakupa na jina la ukoo, maana Mamba wana majina yao. Lipokee. Halifuti ulilopewa na mama.

Sasa mzee wa kibanja. Usimjibu kwenye kundi. Ukiwa huko usitaje shamba, mpaka wala mti. Lakini na masikio yako yawe wazi: usitie saini karatasi yoyote usiyoisoma, hata wakikuambia ni ya mahudhurio. Sheria ya mirathi ya nchi hii haimbagui mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na kama iko haki yako kupitia baba, haitaoza ukingoja mpaka Machi urudi kuzungumza mchana, mwenyekiti wa kijiji, LC1, akiwepo. Desemba umekwenda msibani, kama alivyosema mwenyewe.

Na DNA hivyohivyo. Tangu 2023 ilipokuwa gumzo la nchi nzima, kila familia ina mjomba mmoja aliyegeuka daktari. Waganda walikuwa na kipimo chao cha zamani: kwenye okwalula, shughuli ya kumtambulisha mtoto kwenye ukoo, kitovu cha mtoto kilichokauka huwekwa kwenye chombo chenye maji, kikielea mtoto ni wa ukoo. Chako kilibaki Jinja. Mtu akikuuliza kuhusu kipimo mwambie ukoo ukikaa ukaamua na ukalipia, hukatai. Kisha endelea kumenya ndizi.

Mumeo ana nusu ya haki. Toa hiyo 150,000 kama wenzako, usizidishe hata ukiwa nazo, maana anayezidisha mara ya kwanza amejipangia cheo. Na jiandae: Januari ada za shule zikikaribia, simu za "muganda wange", ndugu yangu, zitakuja. Nyingine utasaidia, nyingine utasema huna. Ndugu wa Arua nao si wanapiga?

Watoto: mchukue mkubwa peke yake. Kiingereza cha shule kitamfungulia binamu zake siku ya kwanza, wewe ukiwa bado unatafuta maneno ya kuomba maji. Wawili wabaki na baba yao. Naye aonje Krismasi ya kuwaogesha.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu ndiye anayeniuma. Mwanamke aliyetoka hospitali akakuta mume ameshazikwa hajawahi kuaga. Miaka thelathini. "Nenda ukawaone" si hasira, nadhani, ila si ruhusa pia. Kabla hujakata tiketi, kaa naye akichambua huo mchele, na wewe uchukue sinia lako uchambue. Usimuulize kama anakubali uende. Muulize siku ile ilikuwaje. Akisema, usimkatishe hata akiwatukana, akinyamaza, chambua. Na ukiona amefunguka, muulize angependa umwambie nini baba pale kaburini. Si wale, baba.

Ukifika, kabla mahema hayajasimamishwa, mwambie shangazi akupeleke makaburini mkiwa wawili. Ng'oa majani kama yapo. Sema ulichotumwa. Kisha, mkiwa mnarudi nyumbani, mwambie kwa upole kwamba mama hakungojwa. Mara moja tu, kwake tu. Usilipeleke kwenye kipaza sauti tarehe 27, hata wakikupa nafasi ya kuongea. Huyo shangazi ni mwanamke na alikuwepo. Akiwa mtu ninayemdhania, atajua la kufanya, na pengine ataomba namba ya mama. Hiyo namba usiitoe mpaka umpigie mama mwenyewe.

Na ile picha: nenda studio hapo Arua ukatoe nakala mbili kabla ya safari. Moja ya shangazi, moja itakayoombwa na mtu usiyemtarajia. Ya asili ibaki kwa mama.

Shangazi